Bwana Hatua na Asubuhi Zake Elfu Moja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bwana Hatua anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi katika kitengo chetu cha utafiti wa ubongo. Safari hii ni kweli. Tumeshamuaga mara mbili, keki tumeshakula mara mbili, na mara zote Jumatatu yake tulimkuta chumba namba kumi na nne ameinamia kompyuta, akisema kuna jambo dogo halijakaa sawa. Mkuu wa kitengo ameapa kwamba safari hii keki haikatwi mpaka funguo ziwe mezani.

Mkuu huyohuyo ndiye aliyesema maneno ya kumuaga niyaandike mimi, mhudumu wa ofisi. Nilimwambia shule niliishia ya msingi, na hapa wamejaa watu wenye vyeti vya kupamba ukuta mzima. Akasema hao watamwandika kwa maneno ambayo hata mke wake hatayaelewa. Basi nimeandika. Binti yangu amenirekebisha herufi, na yale yanayomhusu yeye amesema niyaache yalivyo.

Kwa wageni watakaokuwepo: kazi ya Bwana Hatua ilikuwa ubongo wa mbele, ule ulio nyuma ya paji la uso. Jinsi nilivyomwelewa, baada ya kumsikia akirudia kwa miaka ishirini na miwili, macho yanaona na mikono inatenda, lakini paji ndilo linaloshika nia. Ukitoka kwenda kufuata mkasi, simu ikaita, ukapokea, ukaongea, kisha bado ukakumbuka kwamba ulikuwa unafuata mkasi, hapo paji limefanya kazi yake. Ndilo linalopanga kipi kitangulie. Ndilo linalokuzuia usiropoke mbele ya wakwe. Ndilo linalokubali kwamba sheria ya jana leo haitumiki. Yeye hakupasua kichwa cha mtu. Aliuunda huo ubongo kwenye kompyuta, kwa hesabu, vipande vidogo vidogo vinavyopelekeana habari, akaiita modeli. Halafu anaipa modeli kazi ileile aliyompa binadamu, anatazama kama itakosea pale binadamu anapokosea.

Ndiyo, kukosea. Hilo lilinichukua miaka kulimeza. Mtu mzima, na ndevu zake, anahangaika wiki nzima ili mashine ikosee, na siku ikikosea vizuri anatembea koridoni anatabasamu peke yake. Nilimwambia makosa kwangu yapo ya bure, aje na gunia. Akauliza, "Yanaanzia hatua gani?"

Jina lilitoka hapo. Ukipiga deki, anasimama: kwa nini umeanzia pembeni na si mlangoni? Ukichemsha maji: vikombe ulivifikiria kabla ya kuwasha jiko au baada ya kuwasha? Na ukimjibu "sijui, nimefanya tu", ndiyo umemfungulia duka, utasimama hapo na ndoo mpaka maji yapoe. Katibu muhtasi wetu, akimwona kwa mbali anakuja, alikuwa anaweka kalamu chini na kukaa kama jiwe, asionekane anafanya chochote cha kuulizwa.

Alianza kama msaidizi wa kuingiza majibu ya watu kwenye kompyuta iliyokuwa kubwa kama kabati la nguo. Chumba kilikuwa na feni mbili, na zote zilikuwa za kompyuta. Modeli yake ya kwanza ilikuwa na kazi moja tu, kungoja: inaonyeshwa herufi, inaambiwa ngoja, kisha inaulizwa ile ilikuwa herufi gani. Kuifundisha kungoja kulimchukua miaka mitatu. Wenzake walipanda, wakahama, wakajenga. Yeye aliendelea na kungoja. Leo wanafunzi waliopita mikononi mwake wamefika sitini na tisa, wawili kati yao wamekuwa wakubwa wake, na bado wakija chumbani kwake wanasimama mpaka waambiwe wakae.

Kisa cha sinia hamtakisikia kwa wengine, kwa hiyo nakiandika mimi niliyelibeba. Alikuwa na mtihani wa kadi. Mtu anakaa mbele ya kompyuta anaoanisha kadi bila kuambiwa sheria. Anakisia, kompyuta inamjibu ndiyo au siyo. Akishagundua kwamba sheria ni rangi, inageuzwa kimyakimya kuwa umbo, na hapo paji lake linatakiwa kuachana na rangi. Watu walipimwa mmoja kwa siku, kuanzia saa nne kamili. Bwana Hatua akaona ajabu: karibu wote, wakifika kama kadi ya sitini hivi, wanasita na kukosea hata pale ambapo sheria haijaguswa. Akaongeza kipande kipya kwenye modeli, akakiita kizingiti cha kusita, na modeli nayo ikaanza kusita palepale. Akaenda kukieleza mbele ya wataalamu. Miaka miwili kizingiti kile kilisifiwa.

Kisha mimi nikaenda likizo ya wiki tatu, na watu wakaacha kusita. Alizunguka jengo zima akiuliza kilichobadilika: taa, viti, rangi ya ukuta. Niliporudi akanikuta koridoni nimebeba chai, saa nne na dakika kumi. Akatazama saa, akatazama sinia, akaegemea ukuta. Mlango wa chumba cha mtihani una kioo. Kila aliyepimwa mle alikuwa anaona vikombe vinapita.

Mtu mwingine angenyamaza, maana waliojua ni yeye na mbeba chai tu. Yeye alirudi mbele ya wataalamu walewale akawaambia kwamba ile sehemu ya ubongo aliyowaeleza mwaka juzi ni sinia la chai. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mkuu wa wakati ule alimkasirikia, na cheo kilichokuwa njiani kikarudi kilikotoka kwa miaka mitano. Mimi nilikasirika kumshinda mkuu. Miaka miwili mtu anatafuta ndani ya vichwa vya watu kitu kinachopita mlangoni kikigongana kwa sauti, si angeuliza? Kwenye karatasi ya masahihisho alimshukuru "mhudumu wa chai kwa kwenda likizo". Nakala ninayo, kwenye kabati la vyombo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Miaka minne iliyopita binti yangu, ambaye ni mshonaji, alianguka kutoka kwenye ngazi akitundika pazia, na paji lake likagonga kona ya cherehani. Hospitali walimtibu, mfupa ukaunga, wakamruhusu. Anaongea, anacheka, anashona mshono ulionyooka kama rula. Lakini alikata mikono minne ya gauni moja. Alibandika maziwa jikoni, akaenda kuchukua kikombe, nikamkuta amekaa kitandani na kikombe mapajani, maziwa yamekauka na nyumba imejaa moshi. Watu wakasema amedeka. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilisema amedeka.

Baada ya moshi wa pili, bibi mzaa baba alikuja akamchukua mjukuu wetu, mtoto wa miaka miwili. Mkwe wangu anafanya kazi mbali na hurudi kwa nadra, hakubisha. Bibi akasema mtoto atarudi kwa mama yake siku mtu mwenye elimu yake atakapoeleza kwa maandishi kwamba mama anaweza kuachiwa jiko na mtoto. Hakuwa na ubaya. Moshi aliuona kwa macho yake. Mtoto akawa analetwa Jumapili kusalimia, na jioni anaondoka, na binti yangu anabaki ameshika geti.

Nikajiambia, mtu mwenye elimu yake si huyu ninayempelekea chai kila siku? Nikamwomba barua. Mistari mitatu tu. Akasema hawezi kuandika asilolijua.

Nikamwambia, "Wewe si ndiye fundi wa paji?"

Akasema, "La kwenye kompyuta, mama."

Mwezi mzima nilimwekea chai mezani bila kumsalimia. La kuudhi zaidi, hakugundua.

Kumbe alikuwa anafikiri. Asubuhi moja, saa kumi na mbili, hodi nyumbani kwangu. Nafungua, ni yeye, daftari kwapani na kigoda cha kukunja mkononi. Akaomba akae jikoni pembeni, atazame binti yangu anavyoianza siku. Akasema tumchukulie kama hayupo. Mtu wa urefu ule, jikoni kwangu, ambako nikifungua friji lazima nifunge mlango kwanza. Alikuja asubuhi ishirini. Binti yangu alikuwa ananong'ona, "Mama, huyu anakula lini?" Hakula. Alikuwa anaandika.

Alichokiona, mimi mama mzazi sikukiona kwa miaka mitatu. Binti yangu hapotei katikati ya kazi. Akikata, anakata, akichemsha, anachemsha. Anapotelea kwenye maungio, pale kazi moja imeisha na nyingine haijashikwa. Mtu mzima mwingine hapo anavushwa na paji lake bila kujua. Yeye hapo hana daraja.

Akaenda akaitengeneza modeli ya asubuhi: kuamka, kuchemsha maziwa, kumvisha mtoto viatu, kufunga begi, kufika getini. Akaidhoofisha sehemu ya paji kidogo kidogo mpaka modeli ikapotea palepale binti yangu anapopotea. Kisha akaipitisha asubuhi elfu moja, kila mara akijaribu msaada tofauti. Zilimchukua siku nne. Mimi asubuhi elfu moja ni karibu miaka mitatu, na magoti yangu yanazijua moja moja.

Orodha ya ukutani tulikuwa tumeshaibandika sisi wenyewe. Binti yangu aliisoma vizuri, kwa sauti, akabaki amesimama nayo. Modeli nayo iliikataa orodha. Ilichokubali ni kwamba mkono usiachie hiki kabla kile kingine hakijashikwa. Yaani kabla maziwa hayajaepuliwa, kiatu cha mtoto kiwe kimeshabanwa kwapani mwa mama. Kabla kiatu hakijafungwa, begi liwe begani. Kazi mpya imkute anayo tayari, asiwe na nafasi ya kubaki mikono mitupu.

Ni rahisi kuandika. Njooni muone mwanamke anakoroga maziwa na kiatu kwapani. Na kwa kuwa mtoto hakuwepo, mtoto nilikuwa mimi. Nina miaka hamsini na minane, nakalishwa kwenye kiti kila asubuhi navishwa soksi, nalishwa mkate, nasukumwa getini, na Bwana Hatua ananiambia nisisaidie. "Mama, umeinua mguu mwenyewe. Turudie." Nilikuwa nafika kazini nimechelewa, na aliyenichelewesha anafika pamoja nami anauliza chai iko wapi.

Siku moja bibi mzaa baba akaja bila taarifa. Akasimama mlangoni. Akanitazama mimi na soksi yangu moja, akamtazama binti yangu na kiatu kwapani, akamtazama yule mzee mrefu pembeni na daftari.

Akauliza, "Mgonjwa hapa ni yupi?"

Nilidhani tumekwisha.

Barua niliipata mwezi wa tano mwaka huu, ukurasa mmoja na nusu. Nilianza kuisoma kwa furaha, nikaimaliza nikitafuta mahali pa kumpiga nayo. Aliandika kwamba katika asubuhi arobaini na moja alizozihesabu baada ya mazoezi, binti yangu alifika getini na kila kitu asubuhi thelathini na tisa. Halafu, badala ya kuishia hapo kama mtu mwenye huruma, akaeleza zile mbili. Moja, jirani alipiga hodi maziwa yakiwa jikoni. Nyingine, umeme ulikatika. Mara zote mbili alipotea, jiko akalizima kwa kuchelewa, na begi likabaki mezani. Akamaliza kwa kusema kwamba asubuhi ya arobaini na mbili yeye haijui.

Nilimfuata chumba namba kumi na nne na kitambaa cha deki mkononi. Nikamwambia, "Ungeandika thelathini na tisa ukanyamaza, ungepungukiwa nini?"

Akasema, "Mama, zile mbili bibi akija kuziona mwenyewe, hizi thelathini na tisa ataziamini vipi?"

Akaongeza na sharti, kama vile sikuwa nimechoka ya kutosha: ikitokea nyingine, bibi aambiwe siku hiyohiyo, na aambiwe na binti mwenyewe, si mimi. Sikulala vizuri wiki nzima. Miaka minne ya mtoto wangu kushika geti, na huyu ananiletea ukweli.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa bibi. Nilikuwa nimeshampelekea barua mbili nyingine siku za nyuma, za watu wema wasiojua kitu. Alivaa miwani, akasoma hii hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Mimi nilikuwa nahesabu maua ya kitambaa cha meza. Mwisho akasema, "Barua zote zilisema anaweza. Hii ndiyo ya kwanza kuniambia lini hawezi." Akasema mtoto aje mwezi mmoja wa majaribio. Kukitokea jambo la kumtia hofu, anamrudisha. Mtoto aliletwa Jumapili iliyopita na begi lake. Sasa ana miaka sita.

Jumatatu ya wiki hii ikawa asubuhi ya kwanza. Bwana Hatua alikuwa ameniagiza nisiguse kitu, nami nilisimama mlangoni mwa jikoni nimejifunga mikono kwenye kanga. Maziwa jikoni. Kiatu kwapani. Kila kitu kwa mpango. Maziwa yakaanza kupanda, binti yangu akanyoosha mkono kuepua, na mtoto akatoka chumbani mbio, akamkumbatia mama yake kutoka nyuma, akambana kiunoni na hakuachia.

Kiatu kikaanguka. Ule mkono uliokuwa unakwenda kwenye sufuria ukashuka ukamshika mtoto. Wakasimama hivyo. Maziwa yakafurika, yakatiririka jiko zima mpaka sakafuni, nami nimejing'ata mdomo nisiseme. Sijui ilikuwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko ile miaka minne. Kisha binti yangu akazima jiko, akainama, akaokota kiatu, akatazama mkononi mwake kilichofuata ni nini, akamvisha. Wakatoka. Walifika shule kabla ya kengele.

Aliporudi alikaa, akachukua simu. Nilimwambia, "Mwanangu, ni maziwa tu. Hakuna aliyeona."

Akasema, "Mama, tuliahidi."

Akapiga, akaweka simu mezani sauti ikasikika wazi. Akamweleza bibi yote, kuanzia kiatu mpaka sakafu, hakuruka kitu. Nilikuwa naliona lile begi dogo linafungwa tena.

Bibi akasema, "Mwanangu, yangu yanafurika tangu nilipoolewa. Mtoto amefika shule?"

"Amefika, mama."

"Na viatu vyote viwili?"

"Viwili, mama."

"Basi futa jiko kabla hayajaganda."

Nilipompelekea Bwana Hatua chai saa nne, nilimhadithia. Alivua miwani akaiweka mezani. Akasema, "Asubuhi elfu moja. Yule mtoto nilimwekea miguu ya kuvishwa viatu na mdomo wa kula mkate. Mikono sikumwekea." Akavuta kiti kuelekea kompyuta. Nilisimama katikati. Nikamwambia daftari lake limejaa, hilo wataliweka wale wanafunzi wake sitini na tisa.

Bwana Hatua, kwa niaba ya kitengo nakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa wanafunzi uliowalea na kwa ubongo ulioufundisha kungoja. Kwa niaba yangu nakushukuru kwa zile asubuhi mbili ulizokataa kuzificha. Zile thelathini na tisa hata mimi ningeweza kuziandika.

Pumzika sasa. Mwache mkeo apike bila kumuuliza lolote. Na Jumatatu ijayo saa kumi na mbili, tafadhali, usipige hodi kwetu. Hutanikuta hata mimi. Nimeamua kuwahi kazini. Nyumbani watakuwa wawili, mama na mwanawe, na jiko lao. Maisha mema, mzee wetu.